Majani ya Uani Wakati wa Kipupwe

 Leo hatutasema habari za alizeti wala za mtama, wala hatutasema habari za bei ya ng'ombe mnadani. Twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu hukikanyaga na wachache hukitazama, nacho ni majani mafupi yaotayo uani, mbele ya nyumba zetu. Na kwa kuwa majira ya kipupwe ndiyo majira ambayo majani hayo huharibiwa zaidi kuliko wakati wo wote mwingine, tutasema hasa jinsi ya kuyatunza tangu mwezi wa Mei hata mvua za kwanza zinaponyesha.

Sisi twakaa Misigiri, juu ya uwanda wa Iramba, katika mkoa wa Singida. Aliyepita njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega amepaona: ndipo barabara ya Kiomboi inapojitenga, na mbele kidogo safari hushuka mlima wa Sekenke kuingia mbuga za Wembere. Kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka. Huanza mwezi wa Novemba, au Desemba ikikawia, nayo hukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Mvua ya mwaka mzima katika mkoa wetu ni baina ya milimita 500 na 800, na baada yake hukaa miezi sita bila tone. Mwanzo wa miezi hiyo sita ndio kipupwe: upepo wa kusi huvuma mchana kutwa, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 15 za Sentigredi, wazee hujifunika mablanketi wakaota moto, na majani ya uani hubadilika rangi. Kwanza huwa kimanjano, halafu huwa kama kamba kuukuu.

Basi hapo ndipo watu husema, "Majani yamekufa." Na mtu akiisha kusema kwamba kitu kimekufa, haoni vibaya kukitupa. Mmoja hukwangua uwanja wote kwa jembe, apate kufagia vizuri. Mwingine huwasha kiberiti. Wa tatu huwafungulia mbuzi. Sisi nasi tuliwahi kuwa katika kundi la pili, na kwa hiyo twaomba ruhusa tuwasimulie habari yetu kabla hatujawapa shauri lo lote.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tuliona uwanja wetu umekauka, tukadhani ni aibu mbele ya wageni. Tukautia moto asubuhi moja kabla ya upepo kuanza. Moto haukukawia hata robo saa. Uwanja ukawa mweusi, tukafagia majivu, tukafurahi kwa kuwa palikuwa safi kama sakafu. Mwezi wa Agosti upepo ukaanza kuchukua udongo. Kila tulipofungua mlango vumbi liliingia. Tulilikuta ndani ya vyombo, juu ya vitanda, na ndani ya unga. Watoto wakakohoa mwezi mzima. Kisha Novemba ikaja mvua ya kwanza, mvua kubwa ya radi, nayo ilianguka juu ya ardhi tupu iliyokuwa ngumu kama matofali. Maji hayakuingia ndani, yalikimbia. Kulipokucha tuliona mawe ya msingi wa nyumba yamefunuliwa kiasi cha shubiri moja, na udongo wetu mzuri ulikuwa umelala ng'ambo ya njia.

Jirani yetu ni bibi mmoja mzee, na uwanja wake umepakana na wetu. Mvua ilikuwa ile ile, na mteremko ni ule ule, lakini kwake hakuna hata jiwe moja lililofunuliwa. Tulikwenda kumwuliza. Tukasema, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Mmekuja kutazama majani yangu makavu?" Maana alikumbuka kwamba mwezi wa Julai tulimshauri ayachome kama tulivyofanya sisi. Hakutucheka. Akainama, akang'oa uzi mmoja wa ukoka, akatwambia, "Mimi kila mwaka wakati wa baridi huukwaruza hivi kwa ukucha. Nikiona weupe ndani, najua amelala. Na aliyelala hazikwi."

Mabibi na Mabwana, maneno ya bibi yule ni sawasawa na yale wanayosema wataalamu wa mimea. Tuyaeleze kidogo, kwa kuwa mtu akijua sababu ya jambo hulifanya kwa moyo.

Majani ya namna ya nyasi yaliyoko duniani hugawanyika, kwa habari ya baridi na joto, katika makundi mawili. Kundi la kwanza hupenda baridi, na ndilo linalofanya viwanja vya Uingereza kuwa kijani hata wakati wa baridi. Ngano na shayiri ni jamaa zake. Kundi la pili hupenda joto, na humo mna ukoka wetu, na ile nyasi inene itokayo milima ya Kenya ambayo dunia nzima huiita nyasi ya Kikuyu, pamoja na mahindi, mtama, uwele na miwa. Mwaka 1966 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia, Hal Hatch na Roger Slack, walieleza jinsi mmea wa muwa unavyotumia hewa na mwanga wa jua kwa njia iliyo tofauti na ya mimea mingine mingi. Baadaye ikajulikana kwamba ukoka na mtama nao hutumia njia ile ile. Njia hiyo ni nzuri sana penye jua kali na maji haba, na ndiyo sababu mimea hiyo hustawi kwetu. Lakini ina upungufu mmoja: baridi ikizidi, kazi hupungua. Ukoka hukua kwa nguvu joto likiwa kama nyuzi 27 hata 35. Likishuka chini ya 15 hukua kwa shida. Na likikaa chini ya 10 husimama kabisa.

Katika nchi zenye barafu, baridi peke yake hutosha kuulaza ukoka. Kule Marekani, katika mji wa Augusta, uko uwanja mashuhuri wa mchezo wa gofu ambao majani yake ya asili ni ukoka. Kila mwaka kabla ya baridi, wenye uwanja hupanda juu yake mbegu za majani ya kundi lile lingine, ili wachezaji wakute kijani wakati ukoka ungali umelala. Huo ni utajiri wa watu wenye maji mengi na fedha nyingi. Sisi hatuna haja nao. Hapa Misigiri hakuna barafu. Baridi yetu huupunguza ukoka mwendo tu. Kinachoulaza ni ukame unaofuatana na baridi hiyo. Mambo hayo mawili huja pamoja, na mmea huyajibu kwa akili moja: huacha majani yake yakauke, na chakula chake, yaani wanga, hukiweka akiba katika mashina yatambaayo juu ya ardhi na katika yale yaliyofichika chini yake. Hufanya kama mwenye nyumba aliyefunga duka, akahifadhi mali ghalani.

Kwa hiyo yatupasa kufahamu neno hili moja, na mengine yote hutoka katika hilo: wakati wa kipupwe kazi yetu ni kulinda ghala. Kuyafanya majani yawe kijani si kazi yetu.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe, mwezi kwa mwezi.

Mwezi wa Mei, mvua zinapokoma, ndio mwezi wa maandalio. Katika masika wengi wetu hufyeka majani mafupi kabisa, karibu na udongo. Yafaa kuacha desturi hiyo mapema. Tangu katikati ya Aprili inua fyekeo lako, uyaache majani yafikie urefu wa vidole vinne. Ukiyakata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Sababu yake ni kwamba jani ndilo jiko la mmea, na katika wiki hizi za mwisho mmea unapika chakula cha miezi sita. Ukimnyang'anya jiko wakati huu, ataingia kiangazi na ghala tupu. Tena, jani refu huanguka na kuwa kivuli juu ya mizizi yake, na udongo ulio kivulini hukawia kukauka.

Mwezi huo huo ng'oa magugu yaliyobaki kabla hayajaangusha mbegu. Usitie samadi. Watu wengi hudhani kwamba majani yanayogeuka manjano yana njaa, wakamwaga samadi juu yake mwezi wa Juni. Hilo ni kumwamsha mtu usingizini na kumpa kazi gizani. Mmea ukipata chakula cha kukuza majani wakati hauna maji wala joto, hutumia akiba yake kuchipua majani mororo ambayo upepo wa kusi huyaua kwa siku chache. Weka samadi yako shimoni, uifunike, ioze vizuri. Wakati wake utakuja.

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kuacha. Usifyeke, usikwangue, usichome. Ukitaka kufagia, tumia ufagio mwepesi uondoe takataka tu. Na hapa twajua kwamba tunagusa desturi ya watu wengi, maana katika nchi yetu uwanja uliofagiliwa mpaka udongo ni alama ya nyumba yenye adabu, na akina mama wameufagia hivyo kwa sababu njema: nyoka haonekani penye majani marefu. Sisi hatusemi majani yawe marefu. Majani ya vidole vinne hayamfichi nyoka. Penye mlango na njia ya kupita acheni udongo mtupu mkitaka. Lakini pale maji ya paa yanapoangukia, na pale mteremko unapoelekea nje, hapo pasiguswe.

Mbuzi na ng'ombe wafungiwe nje ya uwanja. Mnyama akipita mara moja akala juu juu hakuna madhara. Lakini wakizoea kurudi kila siku, hula mpaka shina, na kwato zao huvunja mashina yatambaayo yakiwa makavu. Miiba michache iliyopangwa vema hutosha kuwa ua.

Tena jihadharini na moto wa msituni. Tangu Julai mpaka Oktoba moto huweza kutoka mbali kwa upepo. Lima ukanda wa hatua nne baina ya nyasi ndefu za nje na uwanja wako, uuache mtupu. Huo ndio mahali pa kukwangua.

Sasa neno la maji, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa Misigiri maji si kitu cha kumwaga. Tupige hesabu. Maji ya kina cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa ukoka, ili uwe kijani wakati wa ukavu, huhitaji kama milimita 25 kila wiki. Kama uwanja wako una mita 10 kwa mita 10, hizo ni lita 2,500, yaani madebe 125 ya lita 20, kila wiki moja. Nani atayachota? Twajua jibu: ni mama na watoto wa kike, kwa vichwa vyao, na watoto hao wangepaswa kuwa shuleni. Basi twasema wazi: mtu anayewatuma watoto kisimani ili majani yake yawe kijani mwezi wa Julai anafanya kosa, wala majani hayakumwomba.

Lakini kuulinda uhai wa ukoka ni jambo jingine. Kwa hilo milimita 12 kwa mwezi zatosha. Chagua sehemu ndogo yenye haja kubwa, tuseme mita 5 kwa mita 4 chini ya mapaa. Hiyo huhitaji lita 240, yaani madebe 12 kwa mwezi mzima, na hayo hupatikana kwa maji yaliyokwisha kutumika kuogea na kuoshea vyombo. Yamwage yote mahali pamoja kwa siku moja, jioni, yapate kuzama. Halafu wiki nyingine mahali pengine. Anayenyunyiza kidogo kidogo kila siku huilisha jua, na mizizi huzoea kukaa juu juu. Maji ya sabuni nyingi yasimwagwe mahali pamoja siku zote, na maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasimwagwe kabisa. Tena, katika sehemu nyingine za mkoa wetu maji ya visima yana chumvi. Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo baada ya kukauka, acha kumwagilia maji hayo.

Mwezi wa Septemba na Oktoba joto hurudi kabla ya maji. Huu ni wakati wa hatari, maana ukoka huanza kujinyosha na baadhi ya machipukizi hutokea bila mvua. Usidanganyike. Ngoja. Fanya jaribio la bibi yule: ng'oa nyuzi chache hapa na pale, ukwaruze kwa ukucha. Zilizo nyeupe au kijani ndani, tena ngumu, ziko hai. Zilizo kahawia na kuvunjika kama kijiti zimekufa. Weka alama kwa jiwe mahali palipokufa.

Mvua ikinyesha mara mbili tatu, udongo ukalowa kiasi cha shubiri, hapo ndipo kazi yako inapoanza. Fyeka majani makavu ya mwaka jana, jua lifike chini. Tandaza samadi iliyooza, nyembamba, kiasi cha kuweza kuona majani katikati yake. Na mahali ulipoweka mawe panda upya: kata nyuzi za ukoka zenye vifundo vitatu au vinne, laza kila uzi katika mfereji mdogo, vifundo viwili viwe chini ya udongo na ncha iwe nje, shubiri moja baina ya uzi na uzi. Kanyaga kwa mguu. Kabla masika hayajaisha nyuzi hizo zitakuwa zimekutana.

Lakini tusiwafiche neno moja. Ukoka ni mtumishi mwema uani na mwizi shambani. Mkulima yeyote wa mahindi aliyeupata katika shamba lake atatulaani kwa kuusifu. Basi chimbeni mfereji wa kina cha shubiri moja baina ya uwanja na shamba, mkaukague kila mwezi wakati wa mvua, na uzi wo wote uvukao ukatwe.

Huenda mtu atauliza: kwa nini kujisumbua hivi kwa ajili ya kiwanja? Tutamjibu kwa mambo mawili yaliyotukia kwa jirani zetu. Upande wa mashariki yako maeneo ya Kondoa, katika mkoa wa Dodoma. Huko ardhi ilikuwa tupu kwa miaka mingi mpaka mvua zikachimba makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha kazi ya kuhifadhi ardhi iliyoitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo karibu 90,000 ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Fikirini uchungu wa mwenye ng'ombe aliyeambiwa awatoe. Nyasi na vichaka vikarudi, lakini kwa gharama hiyo.

Upande wa kaskazini na magharibi wako Wasukuma, wenye desturi ya kale iitwayo ngitili: hutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, wasiiguse, ili ng'ombe wapate chakula katika kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imekaribia kupotea. Mwaka 1986 kazi ya HASHI ilipoanza Shinyanga, ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004, kazi ilipokwisha, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuacha tu: kufunga mahali, kungoja, na kuamini kwamba kilicho chini ya udongo hakijafa.

Uwanja wa nyumba ni ngitili ndogo. Kondoa na Shinyanga ni mambo makubwa yaliyohitaji Serikali na wazee wa nchi nzima. Lakini hatua 20 zilizo mbele ya mlango wako hazimhitaji mtu ila wewe. Sisi tulipoteza udongo wa shubiri moja kwa asubuhi moja ya moto, na mpaka leo, baada ya masika kadha wa kadha, mawe yale ya msingi hayajafunikwa yote. Kila tuingiapo nyumbani tunayaona. Uwanja wa bibi umekuwa mwalimu wetu; nyuzi tulizopanda zilitoka kwake, naye alitupa bila kudai kitu ila ahadi kwamba hatutawasha tena kiberiti.

Basi, Mabibi na Mabwana, kipupwe kitakapokuja na majani yenu yakageuka rangi ya kamba, msione haya mbele ya wageni. Mgeni akiuliza, inameni, ng'oeni uzi mmoja, mkwaruze kwa ukucha, mkamwonyeshe.